Karibu, Si Karibuni

Nilikuwa nimetoka kuanua vitambaa vya meza.

Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa mlima na ukungu ulishaanza kupanda kutoka bondeni. Ukungu wa kule hauna haraka. Unameza mti mmoja, unapumzika, unameza mwingine. Vitambaa vilikuwa bado na unyevu, na mimi nilikuwa nimeudhika, maana kitambaa cheupe kikikunjwa kibichi kinaota madoa, na wa kulaumiwa ni mimi, mpishi. Sijui nani alimshauri mdogo wangu anunue vitambaa vyeupe mahali ambapo jua lenyewe linakuja kama mgeni.

Harufu ilinipata nikiwa na vibanio vya nguo mdomoni.

Magunia yaliyolowa. Kamba ya katani iliyonyeshewa. Na jasho... jasho la zamani, lililopoa.

Nikageuka. Kamba ya nguo, ukuta wa mawe, njia inayopotelea kwenye ukungu. Basi.

"Kishindo!" nikaita kuelekea ndani. "Umeanika magunia huku nje?"

"Magunia gani tena, dada? Ingiza vitambaa, wageni wako njiani!"

Kishindo ndiye mdogo wangu. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu tangu alipojua kutembea hajawahi kupiga hodi. Mlango ukiwa umefungwa, yeye anaupiga teke chini, mara mbili za haraka, halafu yuko ndani. Mama alimchapa, alimfinya, akamnyima hata chai, wapi. Alipokua akawa na kisingizio, kwamba mikono yake daima imebeba kitu. Mama alipokuwa anakata roho alinishika kidole, akaniambia, "Nakuachia mtu mmoja tu. Usimpoteze." Kwa hiyo Kishindo aliponiambia amepata nyumba mlimani na anataka kuigeuza mgahawa, nilifunga visu vyangu kwenye taulo nikamfuata. Sikuipenda baridi, na nyumba nayo sikuipenda. Lakini mtu mmoja ni mtu mmoja.

Nyumba ile haikujengwa iwe mgahawa. Ilijengwa iwe kimbilio. Zamani, kabla ya barabara ya gari, watu waliovuka mlima kwa miguu walikuwa wakikumbwa na baridi njiani, wengine wanalala palepale wasiamke. Ndipo ikajengwa nyumba ya mawe, yenye moto usiozimwa, na mtunzaji anayelala humo mwaka mzima na familia yake. Ukungu ukipanda, mtunzaji alipiga kengele ya shaba ili aliyepotea afuate mlio.

Sisi tukaipamba. Mbao za vitanda vya wasafiri tukazifanya meza, na ukipitisha kiganja utagusa alama za visu vya watu walioshindwa kulala. Misumari mikubwa waliyotundikia kamba tukatundika aproni. Kengele tukaiweka jikoni, kwenye dirisha la kupitishia chakula ukumbini, nikawa naigonga chakula kikiwa tayari. Kishindo alifurahi sana na kengele ile. Alisema ni historia.

Historia yenyewe nilihadithiwa na Mama Kuni.

Mama Kuni alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyetuletea kuni kwa punda. Siku moja, kabla hatujafungua mgahawa, alimkuta Kishindo juu ya ngazi, ulimi nje, anamalizia kuandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: KARIBUNI.

Mama Kuni akasimama. Punda akasimama.

"Futa hiyo NI," akasema.

"NI ipi, mama?"

"Ya mwisho. Iache KARIBU."

Kishindo akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Mama, huu ni mgahawa. Nasubiri watu wengi, simsubiri mmoja. Hotelini nilikofundishwa kazi, hata mteja akija peke yake unamwambia karibuni. Ndiyo heshima."

"Hapa si hotelini."

"Ndiyo maana nimesema mgahawa."

"Hapa ni mlangoni," akasema Mama Kuni. "Jina la nyumba mtabadilisha mpaka mchoke. Mlango ni uleule."

Nikamvuta jikoni kabla hawajagombana, nikampa chai. Nilikuwa nakata vitunguu. Akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akaitazama dari kama mtu anayetafuta mahali alipoacha kitu.

"Nimezaliwa humu," akasema. "Mtunzaji wa mwisho alikuwa baba yangu."

Nikaendelea kukata.

"Kulikuwa na jioni moja ya upepo. Mimi mdogo, niko kitandani na mama. Tukasikia hodi. Baba akafungua, akaingia kiongozi wa msafara na mabwana wake wawili. Baba akawakaribisha mmoja mmoja, kama desturi yake. Karibu, karibu, karibu. Akafunga, akatia komeo, upepo usizime moto." Akanywa chai. "Wapagazi walikuwa nyuma. Mwenye mzigo kichwani hawezi kwenda sawa na mwenye fimbo mkononi."

"Wakafika?"

"Wakafika. Wakapiga hodi. Niliwasikia kwa masikio haya, mpishi. Walipiga kwa adabu, bila kelele. Yule kiongozi akamwambia baba, hao ni wapagazi tu, wana turubai lao. Baba akaamini. Au alitaka kuamini, maana nyumba ilikuwa imejaa. Kumbe turubai lilishachukuliwa na upepo."

Kisu changu kikasimama.

"Asubuhi tuliwakuta ukutani, kila mmoja ameegemea mzigo wake. Dirisha lile pale lingevunjika kwa jiwe moja. Hawakulivunja. Walikuwa wanangoja kuambiwa karibu."

Moto ukalia kidogo, kama kuni mbichi inavyolia. Nikajipangusa macho, nikasingizia vitunguu.

"Bado wanangoja," akasema. "Kwa hiyo ukungu ukipanda jioni, ukisikia hodi, sharti umwone mtu, umtaje jina, umwambie yeye karibu. Huoni mtu, nyamaza. Lile neno la kuwaita wengi usiliseme mlangoni. Na mzigo wa mtu usiupokee nje. Autue ndani mwenyewe."

"Nikiupokea nje itakuwaje?"

Akautazama mlango, akarudisha kikombe mezani.

"Chai yako ina tangawizi nyingi," akasema, akainuka akaenda zake.

Nilimweleza Kishindo. Nilimweleza yote, na sura yangu haikuwa ya utani. Akasema, "Dada, mwanamke huyo anataka kunipokonya silabi niliyoinunulia rangi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kwani wewe hutaki kupona?" Akanibusu paji la uso, akaingia stoo kwa teke.

Basi turudi kwenye jioni ile ya vitambaa.

Wageni waliokuwa njiani walikuwa walimu, wanamwandalia mwenzao chakula cha kustaafu. Lilikuwa kundi letu la kwanza kubwa. Kishindo alivaa shati jeupe na tai, akapanga viti, akavipangua, akavipanga tena. Mimi nilikuwa jikoni na supu ya maboga na kuku wawili tanuruni. Nje ya dirisha weupe ulikuwa umefika kwenye kioo. Ile harufu ya magunia nilikuwa naisikia hata juu ya vitunguu, ila nilijiambia ni vitambaa.

Mara nikasikia sauti yake ukumbini. Sauti ile ya hotelini, yenye meno yote.

"Karibuni! Karibuni! Karibuni sana!"

Nikasema, haya, wamefika. Nikatoa kichwa mlangoni mwa jikoni.

Kishindo alikuwa amesimama kizingitini na taa mkononi. Mbele yake, ndani ya ukungu, niliona watu. Au niliona weusi wa watu. Walikuwa kwenye mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wameinama, na juu ya kila kichwa kuna kitu kikubwa.

"Loh! Mmebeba mizigo yote hii kwa miguu? Gari limekwama, eh?" akasema Kishindo. "Poleni jamani. Ngojeni niwapokee."

Akaweka taa chini.

Akatoka.

Nilifungua mdomo nimwite, na simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa pale kaunta, hatua chache tu kutoka nilipo. Nikaishika huku macho yangu yako mlangoni.

"Haloo?"

"Samahani sana, dada," ikasema sauti ya mwanamke. "Sisi ni wale walimu. Ukungu umetushinda, tumegeuza gari chini kule darajani. Tumesharudi mjini. Tunaona aibu kweli..."

Nikauliza swali la kijinga. "Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda huku?"

"Hata mmoja, dada. Haloo? Dada?"

Nikairudisha simu mahali pake.

Nje palikuwa kimya.

Halafu... *puu*. Mzigo umetuliwa chini.

*Puu.* Mwingine.

*Puu.*

"Kishindo!" niliita. "Kishindo, rudi ndani!"

Nikakimbilia mlangoni, na kizingitini nikakwama. Taa ilikuwa bado chini inawaka, na mwanga wake ulifika magotini tu. Juu yake ni weupe mtupu. Katika mwanga huo niliona miguu. Miguu mitupu, imelowa, kucha zimekuwa za rangi ya majivu. Vidole vilikuwa vimepangwa sawasawa na mstari wa kizingiti, havijauvuka hata kidogo. Nyuma ya miguu hiyo kulikuwa na miguu mingine, na nyuma yake mingine.

Hakuna jozi hata moja iliyovaa viatu vyeusi vya mdogo wangu.

Nikafunga mlango. Nikatia komeo. Miguu ile ingesimama mlangoni kwako, na wewe ungefunga.

"Hodi," ikasema sauti.

Ilisemwa taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Hodi..." ikapokea nyingine nyuma yake.

"Hodi..." nyingine, mbali zaidi. Neno likaenda likishuka mstari, mdomo kwa mdomo, mpaka likafifia huko njiani ambako macho yasingefika hata kama ungekuwa mchana.

Sikujibu. Nilijishika koo ili nisijibu. Jamani, mtu hujui ulimi wako una mazoea kiasi gani mpaka siku unapokatazwa kusema karibu. Neno lilikuwa pale, limekaa nyuma ya meno, linataka kutoka lenyewe.

Nikarudi jikoni mbio. Nilichokuwa nakiwaza ni kimoja tu: yuko nje, haoni, atapotea. Nikaishika kengele ya shaba, nikafungua dirisha dogo juu ya sinki, nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

"Kishindo! Fuata kengele! Njoo nyuma, njoo jikoni!"

Mlio ukaenda, ukarudi.

Kimya.

Kisha kitu kikaja kinakimbia. Nilisikia kokoto zikiruka. Kikazunguka ukuta wa nyumba, kikafika mlango wa jikoni, na mlango ukapigwa.

Ulipigwa chini. Mara mbili, haraka.

Chungu cha unga kikaanguka kutoka kwenye rafu. Niliruka nyuma.

"Nani?" nikanong'ona.

Hakuna aliyejibu. Hakuna hodi, hakuna neno. Nilisikia pumzi tu, pumzi nzito ya mtu anayetaka kusema na mdomo umekataa. Halafu teke tena, la hasira, komeo likacheza. Mimi nikaona ni wao, wamechoka na adabu yao ya miaka yote, sasa wanavunja. Nikavuta gunia la viazi nikaliegemeza mlangoni. Nikaongeza benchi.

Hapo ndipo nilipoisikia, kutoka mlango wa mbele.

"Dada."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Dada, ni mimi. Hodi."

Nilikimbia mpaka ukumbini nikilia na kucheka, nikaweka shavu kwenye mbao za mlango.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Nina mzigo. Nasikia baridi, dada. Nikaribishe."

Nikachungulia kwenye tundu. Tai yake niliiona, na shati jeupe, na uso wake, umelowa. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Jikoni, teke likapigwa tena. Nikajikumbusha maneno ya Mama Kuni neno kwa neno. Umwone mtu. Nimemwona. Umtaje. Umwambie yeye peke yake.

"Kishindo," nikasema, "karibu."

Nikavuta komeo.

Akaingia. Alikuwa ameinama, mgongoni ana gunia, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Akalitua mwenyewe katikati ya ukumbi, *puu*, akanyoosha mgongo pole pole. Nikafunga mlango nyuma yake, nikamkumbatia. Alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Mlango wa jikoni ulipigwa mara moja ya mwisho. Teke hilo lilikuwa kubwa kuliko yote, na baada yake nikasikia kitu kikiteleza chini, kama mtu anayekaa kwa kukata tamaa.

"Nani yule?" nikamuuliza.

"Mpagazi," akasema. "Mwache. Atazoea."

Alikula supu. Akala tena, akala tena, bakuli amelishika kwa mikono miwili, macho kwenye moto. Alipomaliza alisema, "Ahsante kwa chakula, dada."

Nikamtazama. Kishindo, tangu nimnyonyeshe chupa, hajawahi kuniambia ahsante. Alikuwa akila anajipigapiga tumbo, basi, hiyo ndiyo ahsante.

Nikasema ni hofu. Hofu hufundisha watu adabu.

Alipotaka kwenda kulala alifika kwenye mlango wa chumba chake, uliokuwa wazi, akasimama. Akasimama pale mpaka nikauliza kuna nini.

"Hujanikaribisha," akasema.

Nikacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Leo umejua hodi? Mama angefurahi. Haya bwana, karibu."

Akainamisha kichwa kidogo, akaingia.

Asubuhi gunia halikuwepo. Sakafuni palibaki alama ya maji.

Mama Kuni alipokuja na kuni zake, punda aligoma kwenye kona ya njia na hakutaka kusogea. Mama Kuni akabeba kuni mwenyewe mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda kilekile. Nikamtilia chai, safari hii bila tangawizi. Kabla sijaanza kumweleza, sauti ikatoka mlango wa ukumbini.

"Hodi."

"Karibu," nikasema bila kufikiri, na Kishindo akaingia, akamwamkia Mama Kuni vizuri, akachukua sahani, akatoka.

Mama Kuni aliweka kikombe chini.

"Alisema lile neno?"

"Alilisema. Alidhani ni wageni."

"Akapokea mzigo?"

Nikatazama gunia la viazi lililokuwa bado mlangoni. Naye akalitazama.

"Mama yangu naye aliwapokea," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeongea bei ya kuni. "Baba dhamiri ilikuwa inamla. Jioni moja ya ukungu alishindwa kuvumilia zile hodi, akafungua mlango akasema karibuni. Mama akatoka kuwasaidia. Alikuwa na huruma sana, mama yangu."

"Akarudi?"

"Alirudi mtu." Akaokota kipande cha gome la kuni sakafuni, akakitupa motoni. "Alitulea vizuri. Hakutupiga hata siku moja. Mchapakazi, mtulivu. Lakini kila mlango, hata wa chumba chake mwenyewe, mpaka aambiwe karibu."

"Na mama yako?"

"Nilikuwa namsikia nje. Mwanzoni alikuwa akiniimbia. Wakikaa kule sana wanasahau, mpishi. Kila mtu ana kitu chake alichotoka nacho. Kinapungua, kinapungua, mwishowe linabaki neno moja tu. Siku alipopiga hodi kama wenzake, baba alihama nyumba."

Akanywa chai iliyobaki yote kwa mkupuo. Tangu siku hiyo kuni anazishusha konani, nazifuata mwenyewe.

Mgahawa unakwenda vizuri. Niseme ukweli, haujawahi kwenda vizuri namna hii. Wageni wanamsifu Kishindo kwa upole wake. Anabeba sahani tano kwa mkono mmoja na vikreti vya soda viwili kichwani bila kushika. Jina la utani haliendani naye tena. Anatembea kimyakimya mpaka unashtuka yuko nyuma yako. Wiki iliyofuata alipanda ngazi mwenyewe na kopo la mafuta ya taa, akaifuta ile NI. Nikamuuliza kwa nini, na silabi aliinunulia rangi.

"Wageni wakiwa wengi, dada," akasema, "wengine hukosa nafasi."

Lakini ukungu unapopanda jioni, mlango wa jikoni unapigwa.

Chini. Mara mbili, haraka.

Mnadhani sikufungua? Nilifungua siku ya pili yake tu. Niliondoa benchi, nikaondoa viazi, nikafungua kwa mikono miwili. Ukungu. Na kwenye kokoto, mbele kabisa ya kizingiti, alama za viatu vya ngozi, vya hotelini, vimezama kama vya mtu aliyebeba kitu kizito.

"Kishindo," nikasema ndani ya weupe ule. "Mdogo wangu. Kishindo, karibu."

"Nimeshakaribia, dada," ikaitika sauti kutoka ukumbini.

Nikajaribu jina lake la cheti, ambalo mwenyewe alikuwa akilisahau hata shuleni. Likaitikiwa kutoka ukumbini. Nikajaribu jina ambalo mama alimwita alipokuwa hajaota meno, ambalo tunalijua watu watatu na mmoja ni marehemu. Nikasikia viti vikisogezwa taratibu, kisha hodi, kwenye mlango wa ndani wa jikoni, nyuma yangu. Sikusema karibu. Akabaki amesimama pale na taulo begani, anatabasamu.

"Funga mlango, dada," akasema kwa upole. "Baridi inaingia. Sisi tumeshatosha."

Sisi. Nilikuwa mimi na yeye tu.

Ningeweza kuhama, kama alivyohama mtunzaji. Visu vyangu vinaingia kwenye taulo moja. Lakini nikihama, yule wa nje atampiga nani teke? Kwa hiyo nimehamishia kitanda jikoni. Yeye haingii humu, maana neno lile simpi tena. Chakula nakipitisha kwenye dirisha lile la ukumbini. Ukungu ukipanda nakaa chini, nimeegemea mlango, nangoja. Teke likija, nami napiga teke kwa ndani. Mara mbili, haraka. Nahisi mbao zikitetemeka mgongoni, nafarijika. Najua ni yeye. Bado ni yule mtukutu wa mama, asiyejua hodi.

Siku za karibuni mateke yamepungua nguvu. Kuna jioni nilisikia moja tu. Jioni iliyofuata ilikuwa kama mtu anayefuta kiatu kwenye ubao.

Jana ukungu ulipanda mapema. Nilizima jiko, nikakaa mahali pangu, nikaegemea. Harufu ya magunia ikapita chini ya mlango. Nilingoja teke. Nikapiga langu kwanza, kumkumbusha.

Halikujibiwa.

Nikasikia kokoto zikisagika. Mtu akasogea mpaka kwenye kizingiti, akatua kitu kizito, *puu*, akapumua. Halafu taratibu, kwa ile adabu ambayo mama aliitafuta miaka yote kwa fimbo asiipate, sauti ikasema:

"Hodi."

Karibu lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Lakini karibu nani?